La Imeshuka

Mwandiko wake ndio uliotangulia kuugua.
Katika daftari la wateja herufi zilisinyaa,
mwaka hadi mwaka, ukurasa hadi ukurasa,
hata jina la mama, Raili, likawa dogo kama siafu
aliyebeba punje moja ya wino.
Tulidhani anabana karatasi. Kuopio watu hubana.

Ndipo mkono wa kushoto ukaanza shughuli zake binafsi.

Leo tumefika ukumbi wa kanisa kabla ya mtu yeyote,
mimi na baba, na mkoba wenye ufunguo na uma wa chuma.
Kizingitini akaganda.
Miguu ilikataa, kana kwamba mlango umechorwa tu ukutani.
Sikumvuta. Daktari alisema usimvute.
Nikamwimbia puani wimbo wa gwaride,
ule wa jeshini aliouchukia tangu ujana,
moja, mbili, moja, mbili,
naye akavuka, akitukana kwa adabu.

Miaka arobaini alilinganisha kila kinanda cha mji huu.
Sasa mkono ni wangu, sikio ni lake.
Nyuzi mia mbili na ishirini na tatu.
"Juu. Juu tena. Umepita, rudi.
Rudi kama mtu aliyesahau glavu,
si kama mtu aliyefukuzwa."
Tulimaliza saa tisa alasiri, na giza lilikuwa limeshaingia.

Jioni watu walijaa.
Makoti yakidondosha theluji iliyoyeyuka,
kahawa, mikate ya iliki ya akina mama wa kwaya,
bahati nasibu, zawadi ya kwanza samaki wa moshi.
Mchungaji alitamka "utafiti" mara tisa. Baba alihesabu.
Alitamka pia "vita dhidi ya Pakinsoni", na baba akaninong'oneza:
"Vita gani? Nalala naye kitanda kimoja, basi."

Veera Hyttinen akapiga.
Ana miaka kumi na tisa na kucha zilizotafunwa.
Kwenye kipande cha polepole, pale sauti inapokonda
hadi mtu anaogopa kumeza mate,
ikasikika:
tik, tik-tik, tik,
pete ya baba juu ya ubao wa benchi.
Mama akaufunika mkono ule kwa kiganja.
Ukaendelea chini ya kiganja, kama kifaranga ndani ya yai.
Niliona haya; kisha nikaona haya kwa kuona haya.
Mbele yetu Bwana Kettunen hakugeuka,
naye ndiye hugeuka hata mtu akimenya peremende.

Makofi yalipovuma baba aliutazama mkono wake:
"Huu umekuwa ukishangilia tangu Jumanne.
Haukungoja tamasha."

Tulihesabu fedha jikoni mwa kanisa, kati ya vikombe:
euro elfu mbili mia nne na sabini na sita,
na kifungo kimoja cha koti.
Muuguzi aliyekuja na barua ya maabara akashukuru,
akasema, bila kutaka kutuvunja moyo,
kwamba zinatosha kioo cha darubini.
Si darubini. Kioo.
Haba na haba, nikawaza,
lakini kibaba hiki, kina chake ni kiasi gani?
Kifungo mama alikitia mfukoni. Mwenyewe atakitafuta.

Ukumbini taa zilikuwa zimebaki mbili.
Baba amesimama kwenye kinanda, kidole kimoja juu ya noti,
akabonyeza mara moja, na kidole kikabonyeza mara tatu.
"La imeshuka," akasema.
"Joto la watu limelegeza nyuzi."
"Tuirudie kesho?"
"La."
Sikujua kama anakataa au anaitaja tu noti yake,
maana uso wake siku hizi hausemi,
umetulia kama ziwa lililoshikwa na barafu,
na chini yake samaki wote wanaendelea na yao.

Akavaa kofia. Akaenda hadi kizingitini.
Akasimama.
Nikavuta pumzi.
"Usianze na ule wa gwaride," akasema.