Rangi ya Kupapasa

Fundi Mnyachi alipanga vipande vinne vya mbao
juu ya gunia la korosho, barazani kwetu Newala,
ukungu wa asubuhi bado umekalia bati
kama mgeni asiyejua kuaga.
"Hii mati. Hii silki. Hii nusu mng'ao.
Na hii glosi, ukijitazama humu utanyoa ndevu."
Na rangi yenyewe? nikauliza.
Akacheka. "Rangi ni jina tu, mwalimu.
Mng'ao ndio tabia."

Fedha ilikuwa ya mnada wa pili,
imeshakatwa ushuru, imeshakatwa deni la salfa,
na mimi nilikuja na hesabu yangu kwenye simu:
silki nyumba nzima, bei ya jumla,
tumalize kabla shule hazijafunguliwa.

"Nyumba nzima?" Fundi akavua kofia.
"Jikoni paka glosi. Moshi wa mkaa, tui lililoruka,
kitambaa na kikombe kimoja cha maji, basi.
Unajua ndoo inauzwaje hapa mwezi wa kumi."
Najua. Nimewahi kuoga kwa birika.
"Ukumbini nusu mng'ao, mabega ya watu hupita hapo.
Sebuleni silki, wajukuu wana viganja vya mabibo.
Lakini huu,"
akagonga ukuta wa chumba cha mama,
"huu umepinda. Usithubutu kuung'arisha.
Mng'ao ni shahidi asiyehongeka,
kila kovu la plasta atalitaja.
Huu mati. Ila mati haioshwi, nakwambia mapema,
inashika uchafu kama kinyongo."

Mama alikuwa mkekani anachambua choroko
kwa ncha za vidole. Macho yake
yamefunikwa utando mweupe mwaka wa sita sasa.
"Nileteeni hizo mbao."

Akashika ya kwanza, akaikalia kimya.
"Unga wa muhogo. Umepepetwa leo."
Ya pili: "Jani la mgomba."
Ya tatu aliigeuza, akaipitisha shavuni.
"Kibuyu cha zamani, kile cha bibi yenu Asumini."
Ya nne akaiachia upesi.
"Sahani. Basi hapo ndipo penye moto."

Kisha, bila kuinua uso:
"Msinipakie kitu kimoja nyumba nzima.
Nitajuaje nimefika wapi?"

Fundi alinitazama. Nami nikatazama simu,
ile hesabu yangu nzuri.
Miaka yote nilidhani anahesabu hatua.
Kumbe alikuwa anatembea ndani ya chokaa
iliyomwambia neno lilelile kila pembe,
na ile siku aliyoungua mkono kwa sufuria
tulimlaumu kwa haraka zake.

Tulinunua ndoo ndogo nne. Ghali, sikatai.
Nauli ya Masasi niliikopa kwa Sikujua wa dukani
na bado ananikumbusha.

Sasa usiku namsikia:
kiganja kinakwaruza taratibu, sss, sss,
kisha sauti inakatika, kibuyu kimeanza,
ukumbi huo, msala uko kushoto.
Chumbani kwake umechoreka mstari,
usawa wa nyonga, wa kahawia,
kutoka kitandani hadi fremu ya mlango.
Mnyachi alipokuja kuchukua salio lake aliuona.
"Nilikwambia. Nina masalia ya mati kwenye kopo,
naufuta bure, dakika kumi."
Nikamwongezea chai.
Hakurudia, ila aliondoka akitikisa kichwa,
fundi wa watu, kazi yake inatiwa doa.

Juzi umeme ulikatika.
Nilikuwa nampelekea maji ya dawa, gizani,
mkono wangu ukatangulia wenyewe ukutani:
sahani, kibuyu, kibuyu, kibuyu, mbao ya mlango,
halafu ile hali kavu, laini, yenye vumbi la upole.
Nimefika, nikajisemea.

"Hivi huku kwangu mlipaka rangi gani?"
Mama aliuliza hivyo, kwa mara ya kwanza.
Nilitaka kusema maziwa, ndivyo kopo lilivyoandikwa.
Ulimi ukasema muhogo.
"Enhe," akasema. "Ndiyo hiyo."
Akanyoosha mkono apokee kikombe.