Nukta

Famau amepiga pasi karatasi juu ya shaba
kama apigaye pasi kanzu ya Ijumaa,
akaitia majini, akaibandua kwa kidole gumba,
na wino umeshika, ila si wote.
Pembeni mstari umekatika.
Katikati miwili imegusana,
na kwenye weusi mpana, nikiuelekeza dirishani,
vitundu, vitundu,
kama kitambaa cha kuchujia tui.

"Shangazi, ndoo utezame. Wewe ndiwe mwenye mkono."

Mkono huu umechora piko miaka thelathini,
Langoni, Mkomani, hadi Shela
kwenye harusi za siku saba.
Umeme siujui. Mstari naujua.
Najua ukitetemeka mchoraji hakulala.

Bodi ya pampu iliungua Jumanne
stima iliporudi kwa kishindo usiku wa manane.
Tangu hapo ukiita ndani ya birika
birika linakuita wewe.
Fundi wa Mombasa anataka elfu tisa na wiki mbili.
Famau anataka kipande cha shaba,
chupa ya dawa iliyokuja na basi, imeviringishwa magazeti,
na mimi.

Nikachukua rangi ya kucha, nyekundu, ya Mwanamkuu
(mwenyewe yuko chuoni),
nikachonga kijiti cha meno hadi kikawa unywele,
pumzi nikaifungia kifuani.
Palipotoboka, nukta.
Usipake. Gusa, uinue.
Palipokatika, nikaanzia nyuma ya jeraha,
nikalipita, nikaishia mbele yake,
maana kiraka kinachotoshana na tundu
hakina pa kushikia.
Palipogusana, wembe mpya:
nikakwaruza mpakani mpaka shaba ikacheka.

"Hapo paache," Famau akanidaka mkono,
"hizo zimekusudiwa kuungana."
Nikauliza kwa nini. Akaeleza.
Sikuelewa. Nikapaacha.

Ngozi ina huruma. Ukikosea piko
unayo dakika chache, pamba na mate.
Kuna bibi harusi aliyetaka herufi ya mumewe
ifichwe kiganjani kati ya majani.
Mume alikuwa Seif. Aliyeachwa alikuwa Shee.
Mkono wangu, sijui ulisikia nini mtaani,
ukaitilia sini nukta tatu.
Nukta tatu tu! Na ukumbi umejaa wakwe.
Nikazizungushia petali, yakawa maua ya asumini,
na yeye akatazama kiganja, akanitazama mimi,
akakunja vidole polepole.
Hatujalizungumza mpaka leo.

Dawa haina simulizi kama hizo.
Haiulizi ulikusudia nini.
Inasoma kilichoandikwa, na palipo wazi inakula.

Kwa hiyo nikaiinua bodi tena juani,
nikaigeuza, nikaitazama kwa jicho moja,
nikaongeza nukta nne. Famau anahema mgongoni.
"Inatosha, shangazi."
"Nani kakwambia?"
Nikaongeza ya tano.

Alasiri, uani, bakuli la plastiki,
glavu za kuoshea vyombo, na paka tumemfungia nje.
Dawa ina rangi ya chai iliyolala.
Akalitikisa bakuli taratibu, huku na huku,
na shaba isiyo na kinga ikafifia,
ikawa waridi, ikawa madoa, ikawa haipo.
Tukaosha. Tukafuta wino na wekundu wangu wote kwa asetoni,
na chini yake mistari ikatoka ikiwa mizima,
iking'aa kama viganja vikishaoshwa.

Mizima, isipokuwa mmoja.
Kitundu nilikipita, kilikuwa
chini ya kivuli cha kidole changu mwenyewe.
Famau hakusema kitu.
Akachoma waya, akadondosha tone la risasi,
akalipuliza.

Saa nne usiku pampu ikakohoa, ikanyamaza,
tukatazamana,
ikakohoa tena, na maji
yakaanza kuanguka gizani ndani ya birika.

Mwanamkuu anatafuta rangi yake ya kucha.
Ameshafungua droo mbili.
Namwacha atafute.