Kisanduku cha Tatu

Swali la kumi na nne, akasema binti wa takwimu,
kidole kikielea juu ya kishikwambi:
kwa maoni yako, kiongozi wa upinzani anafanya kazi
vizuri sana, vizuri, wastani, vibaya,
au vibaya sana?

Mguu wangu ulikuwa kwenye kanyagio.
Sketi ya shule ya mtoto wa Khainza ilikuwa kinywani mwa cherehani.
Nikamwambia, ngoja nimalize pindo.

Pindo likaisha. Naye hakuondoka.

Basi andika: Magomu nilimshonea kofia mia mbili za zambarau.
Akalipia mia na arobaini.
Sitini zingali guniani, hapa chini ya meza;
moja ndiyo ninayoepulia sufuria,
moja paka amezalia.
Andika pia kwamba usiku ule walipomtupa kwenye gari la polisi,
kiatu chake kimoja kikabaki pale mnara wa saa,
nililia kama niliyefiwa,
na asubuhi nikakumbuka deni,
nikaona haya kwa yote mawili, machozi na hesabu.
Hilo lina kisanduku?

Hapana, akasema. Viko vitano tu.

Wamimbi wa bodaboda, aliyekuja kutiliwa zipu,
akadakia bila kuulizwa: yule ameshanunuliwa!
Gari jipya kalipata wapi? Mwaka mzima hatujamsikia.
Mama Nambozo akatua beseni lake la malewa:
wamtaka akusemee kwa mdomo gani?
Waliomvunja taya umewasahau?
Taya lilipona Februari, akasema Wamimbi. Huu ni Oktoba.
Hamisi bucha, toka ng'ambo ya barabara, kisu mkononi:
kipa amefungwa mikono, refa ni shemeji wa timu ile,
nanyi mwauliza mbona kafungwa mabao.
Basi atoke langoni!
Amwachie nani? Wewe?

Kimya kidogo. Cherehani yangu tu.

Huku kwetu mwaka wa shufwa ni mwaka wa imbalu.
Kijana anasimama uani, unga usoni, fimbo mabegani,
na umati hautazami kisu.
Umati unatazama kope.
Ikicheza mara moja, wataisimulia hata kwenye matanga yake.
Na nimeona, binti, miaka yote hii:
anayeiona kope kabla ya wengine
ni yule aliye mbali kabisa,
juu ya ukuta, mdomo umejaa muwa.

Nami nilikuwa ukutani. Sisemi sikuwa.
Mto ulipoingia nyumba za bondeni
alikuja na magunia manane ya posho
na wapiga picha kumi na mmoja.
Wapiga picha niliwahesabu.
Posho niliila.

Mama, akasema binti, mashine haiendelei pakiwa patupu.
Andika sitini.
Sitini si jibu.
Ndilo deni.

Akacheka, kisha akatazama mlangoni,
akauliza polepole kama anayenunua kitu cha magendo:
na mwenyewe unaonaje, nje ya maswali?

Mvua ilikuwa inashuka Wanale, ile ya mawe,
na kichwa chake kitupu, nywele zimesukwa jana.
Nikavuta gunia, nikampa kofia.
Akaishika. Akaitazama barabara, juu, chini,
kisha akaipindua, bitana nje, zambarau ndani,
akaivaa.

Kabla ya kutoka aligusa kioo mara moja.
Nadhani ni cha tatu. Sikuona vizuri;
Khainza alikuwa amefika kuchukua sketi,
na pindo, akasema, limekwenda upande.