Kapu

Ibra, saa nne, jua limeshatukausha chumvi shingoni.
Tunapunguza makuti ya mitende barabara ya hospitali.
Barabara ya hospitali, nasema. Usicheke.

Mwakombo juu kwenye kapu, mimi chini kwenye levya.
Babake alikuwa mgema kule Vanga:
miaka arobaini minazini, peku, kamba kiunoni,
akafa kitandani kwa pumu.

Pini ikalia mara moja,
kama muwa uvunjwao gotini.
Mkono wa winchi ukainama polepole,
kisha si polepole.
Mafuta ya mashine yakanirukia usoni, ya moto;
nilidhani ni damu yake.

Msumeno uliendelea kunguruma mchangani.
Nikauzima kwanza.
Sijui kwa nini nilianza na msumeno.

Leo msimamizi kaja na karatasi:
mkanda alivaa?
Mkanda ni mmoja, sisi wawili,
na siku ile ulikuwa umefungia mlango wa gari
usio na komeo.
Andika hivyo, nikamwambia. Kalamu haikushuka.

Wodini, Mwakombo, nyonga ina vyuma sita,
ananiuliza kama ule mtende tuliumaliza.
Nusu, namjibu.
Umesimama vilevile,
umenyolewa upande mmoja.