Niko Nangoja

Uhamiaji hufungua saa mbili.
Mimi hufika saa moja na nusu na bahasha kwapani:
picha nne, nyuma buluu,
masikio yote mawili yanaonekana kama walivyotaka,
na stakabadhi iliyokunjwa hata mkunjo umekuwa tundu
katikati ya jina langu.

"Mwangaluka," nasema. Hilo nimelijua.
"Mwangaluka," anajibu Afisa Shigela,
kisha anainua macho, maana neno la pili huniumbua.
"Niko nangoja."
"Sema ninangoja."
"Ninangoja."
"Enhe. Mfumo haujarudi. Pitia Alhamisi."

Hii ni Alhamisi ya kumi na saba.

Mikono yangu inajua kusaga lenzi tangu Kadutu,
ila hapa haijapewa ruhusa.
Basi nakaa tu kibandani kwa Sundi, Makoroboi,
mtu wa kushika kijiko:
nawafunika wateja jicho moja, Sundi anauliza,
"Mstari wa chini unasemaje?"
Wanakisia. Wanadanganya.
Mzee mmoja wa Misungwi alizitaja herufi zote bila kukosa,
kumbe alizikariri akiwa kwenye foleni.
Sundi alicheka. Mimi sikucheka.

Usiku, kwa tochi ya simu,
nausoma mstari wa chini wa stakabadhi,
herufi ndogo kama macho ya dagaa:
HATI HII SI KIBALI.
Nimejaribu lenzi zote za Sundi.
Hausemi jingine.

Nimepanga Igogo, chumba kilichoegemea jabali.
Juu ya jabali kuna jabali lingine,
limekaa kwa kona moja tu, kama mtu asiyetaka kuchafua kiti.
Hakuna aliyewahi kuliuliza limekaa pale kwa daraja gani.

Bi Mbuke, mwenye nyumba, anaparua samaki mlangoni.
"Unajua sangara si wa ziwa hili?
Waliletwa, sisi tungali tunabebwa mgongoni.
Leo minofu yake inapanda ndege, karatasi zote safi."
"Nani alimpa kibali?"
"Alianza kwa kuwala wenyeji," akasema, kisu hewani.
"Wewe umekula nini hapa?"
"Ugali wako."
"Na kodi ya miezi miwili," akasema,
akanikatia kipande cha mkiani.

Jumapili mama hupiga kutoka Bukavu.
Nyuma yake nasikia mvua na mtu anayeuza sambaza.
"Murhula, uko nafanya nini?"
"Niko nangoja, mama."
Hanisahihishi.
Kwa mama, mtu kwanza yuko,
halafu ndipo angoje, ale, afe, lolote.
Kwa Afisa Shigela kungoja kumenimeza mzima,
nimebaki silabi moja mlangoni mwa kitenzi.

Leo umeme umekatika.
Ameichukua stakabadhi mkononi, kwa mara ya kwanza,
akaisogeza mbali, akaileta karibu,
akaipeleka dirishani kwenye mwanga wa ziwa,
mkono umenyooka mpaka kiwiko kimelia.
Nikajua.
Moja na nusu, labda moja na robo tatu.
Miaka arobaini na mitano, sita.
Haoni mstari wa chini. Pengine hajauona
tangu Alhamisi yangu ya kwanza.

Na mfukoni mwa shati ninayo:
moja na nusu, fremu ya kahawia,
Sundi alinipa niirudishe stoo.

Mkono ulikwenda mfukoni wenyewe.
Nikaurudisha.
Juu ya kaunta hii miwani ina jina jingine,
na jina hilo limebandikwa ukutani nyuma yake
kwa herufi kubwa ambazo hata yeye anazisoma.

"Imeandikwa nini hapa chini?" akauliza.
Nikamsomea.
"Aa," akasema. "Basi unajua."
Akaikunja palepale kwenye tundu.
"Alhamisi."

Nimetoka. Korongo wamesimama juu ya paa la soko,
shingo ndani ya mabega, hawana haraka.
Fremu inanichoma kifuani.
Siku kitakapotoka, nitamletea hii,
aone alichokuwa akinipa.