Mengineyo

Hesabu zimebandikwa ukutani, zahanati ya mtaa, Buza,
gundi bado mbichi.
Siwema wa vitumbua anasoma kwa kidole:
glovu, laki mbili. Taa ya leba, laki na nusu.

Mwaka juzi alijifungua kwa tochi ya simu,
glovu kanunua mwenyewe, saa nane usiku.

Kidole kinasimama.
“Mengineyo, laki tisa.
Huyu Mengineyo ni nani, mhasibu?
Anaumwa nini,
mbona anakula kuliko wagonjwa wote?”

Watu wanacheka. Mchopa hacheki;
anatafuta miwani, nayo iko usoni.

Siwema anafungua pindo la kanga,
mchango wa mwezi, noti tatu zinazonuka mafuta,
kisha analifunga tena.
“Nasubiri,”
na anakaa benchi la wagonjwa.