Tone la Manjano

Nimeziosha mara tano, adesi,
na maji bado yanatoka na rangi ya ufizi wa mtoto.
Mara ya sita nimeacha.

Thakuma, mama wa baba, amesimama mlangoni.
Hajavuka kizingiti.
Sari yake nyeupe, isiyo na pindo la rangi,
imelewa unyevu wa Julai hapa Chandannagar,
ambako chumvi yenyewe hulia ndani ya kopo.

Maji vidole viwili juu ya adesi. Nusu kijiko cha manjano.
Povu linapanda, naliengua, linapanda, naliengua,
kama maneno ya watu.

Babu alipofariki, mimi sijazaliwa,
walimvunjia bangili zake za kombe kwa jiwe la kisimani,
wakamfuta wekundu wa utosini,
kisha wakahamia jikoni.
Samaki: basi.
Kitunguu: basi. Saumu: basi.
Na hizi, punje ndogo kuliko kucha ya paka,
nazo basi; ati zina damu,
ati humpasha mjane moto naye hana wa kumpoza.
Alikuwa na miaka thelathini na sita.
Eda isiyohesabiwa siku.
Miaka thelathini na mmoja ya mchicha na viazi.

Mimi nami nina yangu.
Sinywi maziwa, samli siigusi,
tangu siku ile zizini kwa mjomba, kule Ranaghat,
nilipoona ngozi ya ndama imejazwa majani makavu,
imesimamishwa kwa vijiti mbele ya mama yake,
naye anailamba, anailamba, na maziwa yanashuka.
Nyumba nzima ilinicheka. Thakuma hakucheka.
"Wewe umejinyima," aliniambia, "mimi nilinyimwa.
Usichanganye."

Sichanganyi. Nakuna nazi.
Tui la kwanza kando, zito kama usingizi wa mchana;
la pili, jepesi, linaingia sufuriani sasa hivi,
adesi zinapofunguka na kusahau umbo lao.

Kwenye kaango, mafuta ya haradali mpaka yafuke moshi.
Kisha mbegu tano: uwatu, shamari,
habasoda, bizari nyembamba, na haradali yenyewe
inayoruka ikigonga kifuniko kama mgeni mwenye haraka.
Pilipili kavu mbili. Kitunguu. Saumu. Tangawizi.

"Uwatu umezidi," sauti kutoka mlangoni.
Sijageuka.
"Kitunguu kiache, kiungue kingo tu. Hapo. Hapo!
Sasa mimina."
Nikamimina, na jiko zima likakohoa.
"Punguza moto kabla ya tui zito. Litakatika."

Miaka thelathini na mmoja,
na pua yake haijapoteza hata hatua moja.

Nikapunguza. Nikatia tui. Nikakoroga upande mmoja tu,
mpaka wekundu ukawa dhahabu,
na dhahabu ikawa inashuka mwikoni kwa kusitasita,
kama mtu asiyetaka kuaga.

Nilitaka kumkaribisha. Neno likanikaa kooni:
kumkaribisha ni kumlazimisha akatae.
Mvua ikaniokoa. Nguo zilikuwa kwenye kamba, darini.
Nikapanda. Nikazianua moja moja,
kibanio baada ya kibanio,
nikalowa makusudi.

Niliporudi alikuwa ndani,
amekaa kigodani, uso ukutani.
Upawa umetundikwa mahali pake,
umeoshwa, unadondosha maji.
Na kwenye sari, kifuani,
tone moja la manjano.

Manjano hayasikii sabuni. Huondoka na jua,
na jua la Julai ni ahadi ya mdeni.

"Chumvi," akasema, bila kunitazama.
"Umesahau chumvi."